Ibn Battuta alitoka kwetu Kilwa akaenda kugandia Astrakhan

Watu wakisikia nimesoma Urusi maswali huwa ni yale yale, theluji ilikuwaje, Moscow pakoje, na wale wa kijiweni lazima waulize kama nimewahi kumuona Putin. Sasa Moscow mi nimepapita tu, nimeshuka airport na begi langu nimekimbilia stesheni basi. Miaka sita yote nilikaa mji unaitwa Astrakhan, huko chini kabisa kusini, kilometa zaidi ya 1,200 kutoka Moscow, treni unapanda leo unafika kesho ukiwa umeshalishwa mayai ya kuchemsha na abiria wenzio na umeshajua matatizo yote ya ndoa zao. Na huko mwezi wa saba joto linagonga 40, ukitoka nje ya mji kidogo unakutana na ngamia, wale wa nundu mbili, wanavuka barabara kwa raha zao kama ng'ombe wa wafugaji kule Somanga. Mama nilipomtumia picha ya kwanza akaniuliza, we si ulisema unaenda Urusi?

Kwanza tuelewane mji wenyewe umekaaje maana bila hiyo historia yake haieleweki. Volga ndio mto mrefu kuliko yote Ulaya, kilometa 3,530, unaanzia huko juu kaskazini magharibi ya Moscow unazunguka weee, unapita Kazan, unapita Volgograd, ukifika huku kusini ni kama umechoka unaanza kujigawa. Pale Volgograd unatoa tawi la kushoto linaitwa Akhtuba, linaenda sambamba na mto mama kilometa mia nne na zaidi na katikati yao kuna bonde la kijani kibichi, ila toka nje ya hilo bonde hatua chache tu uko nusu jangwa, vumbi na vijiti, mvua ya mwaka mzima ni milimita kama 200. Alafu ukikaribia Astrakhan mto unapasuka kabisa, mikono mamia kwa mamia, ndio delta kubwa kuliko zote Ulaya. Mtu wa Rufiji ukimwambia delta anaelewa haraka, we toa mikoko weka matete, na maji yote ni matamu mpaka mwisho kabisa.

Mji wenyewe uko juu ya visiwa 11 hivyo kila ukienda sokoni au chuo unavuka daraja. Wiki ya kwanza nikauliza wenyeji, jamani bahari iko wapi nikaione, wakacheka sana. Bahari iko mbele kama kilometa 100. Na hata ukifika huko hakuna ule ufukwe unaoufikiria, kuna matete, kuna maji, alafu maji yanaendelea, unaweza kutembea kilometa na kilometa yako kiunoni tu. Tena yenyewe ni Caspian, watu wanaiita bahari lakini ni ziwa, haina mlango wa kutokea popote, na iko chini kuliko bahari za kawaida, ndio maana Astrakhan nayo iko chini ya usawa wa bahari mita ishirini na kitu. Mi niliyezaliwa Kilwa Masoko nilikuwa naona kabisa kama nimedanganywa.

Kitu kingine, pale ni tambarare mpaka inatia wazimu. Siku moja mwenzangu wa darasani akaniambia tukutane kule kilimani, nikatoka nikatafuta kilima nusu saa nzima sikukiona, kumbe nimesimama juu yake. Wanaviita vilima vya Baer, kwa jina la mwanasayansi Karl Baer aliyeviandika karne ya 19. Ni migongo mirefu ya mchanga na udongo imelala mashariki magharibi, mingi haizidi urefu wa mnazi uliokomaa, na imejipanga maelfu kama mawimbi yaliyosimama, katikati ya mgongo na mgongo kunakaa viziwa vyembamba wanaviita ilmeni. Sasa usiidharau hiyo migongo. Maji ya Volga yakijaa mwezi wa tano kila kitu kinazama isipokuwa hiyo migongo, kwa hiyo vijiji viko juu ya migongo, makaburi yako juu ya migongo, na hata Kremlin ya Astrakhan, ngome nyeupe safi kabisa, imejengwa juu ya mgongo unaoitwa Kilima cha Sungura. Huko mwenye kilima cha mita kumi ndio mwenye mji.

Nisisahau usubi. Mwezi wa tano mwishoni mpaka wa sita wanatoka vidudu vidogo wanaviita moshka, mbu ni wa kistaarabu ukilinganisha, hawa wanaingia masikioni, puani, kwenye nywele, ukiongea umemeza. Dawa ya wenyeji ni vanila! Ile ya unga ya kuwekea keki, unaikoroga na maji au mafuta unajipaka. Mwezi mzima mji wote unanukia kama mandazi ya harusi. Chuo, benki, daladala zao, kote vanila. Mpaka leo nikipita kwenye duka la keki Kariakoo najikuta najikuna.

Sasa niingie kwenye habari iliyonifanya niandike. Januari yangu ya kwanza pale ilikuwa baridi ya kusema ukweli, nyuzi 18 chini ya sifuri na upepo wa nyikani unaokata kama wembe, na Volga ikaganda. Nilikuwa nimeshaambiwa, lakini kuambiwa na kuona ni vitu viwili. Mto mpana vile, juzi juzi meli zilikuwa zinapita, leo watu wamekaa katikati wanavua samaki. Nikasimama pale ukingoni kama dakika kumi nimejifanya napiga picha. Mzee mmoja Mkazakh alikuwa amekaa juu ya kisanduku, mbele yake katoboa tundu la duara kwa keekee ndefu ya mkono, ana kijiti cha kuvulia kifupi kama cha kuchezea watoto. Akaniita, njoo mwanangu usiogope. Nikamwambia mzee, kwetu mto haugandi, kwetu ukiingia mtoni unaogopa mamba. Akacheka mpaka sigara ikamdondoka ikaingia tunduni. Nikakanyaga. Hatua ya tatu barafu ikalia, twaaa, sauti inakwenda mbali kama bati la nyumba linavyolia usiku likipoa, nikaganda na mimi. Mzee ananiambia ikilia ujue ni nzima, iogope ikinyamaza.

Jioni hosteli nikamsimulia Msudani tuliyekuwa tunakaa chumba kimoja, akaniambia ngoja, akafungua simu, alikuwa na kitabu cha safari za Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco wa karne ya 14, kwa Kiarabu, akaanza kunitafsiria. Jamani. Huyu Ibn Battuta sisi watu wa Kilwa tumelishwa toka darasa la nne, kwamba alifika kwetu mwaka 1331, akamkuta Sultan al-Hasan bin Sulaiman, akausifia mji, guide yoyote wa kule Kisiwani kwenye magofu atakutajia kabla hujamlipa. Ila hamna aliyewahi kuniambia kwamba miaka michache tu baada ya pale, miaka ya 1330 hiyo hiyo, yule yule mtu alikuwa Astrakhan! Ilikuwa inaitwa Haji Tarkhan. Na anaeleza hadi jina, kwamba tarkhan kwa watu wale ni mahali palipofutiwa kodi, na kwamba mtu mmoja mcha Mungu aliyehiji alikaa pale, sultani akampa heshima ya kufuta kodi, kijiji kikawa mji.

Sultani mwenyewe alikuwa Uzbek Khan, mkuu wa dola kubwa la Wamongoli ambalo Warusi wanaliita Horde ya Dhahabu, na yeye ndiye aliyeifanya Uislamu kuwa dini ya dola. Ibn Battuta anasema mto ukiganda sultani anaamuru zije shehena maelfu za nyasi kavu zitandazwe juu ya barafu ili misafara ipite na mikokoteni. Siku tatu walitembea juu ya mto, wakitaka maji wanakata kipande cha barafu wanakiyeyusha kwenye sufuria. Anataja pia kwamba kuna misafara iliyopita mwishoni mwa baridi ikazama. Na nguo alizovaa! Makoti ya manyoya matatu, suruali mbili, viatu juu ya viatu juu ya viatu, hawezi kupanda farasi mpaka wenzie wamnyanyue. Anatawadha kwa maji ya moto pembeni ya moto na bado maji yanaganda kwenye ndevu, akizitikisa zinadondoka kama theluji. Nilicheka nikalia, maana asubuhi ya siku ile ile nilikuwa nimetoka kuoga nikakimbilia nje kofia sijavaa, nywele zikawa zinagongana kama shanga.

Tangu siku hiyo nikaacha kuuona huu mji kama kituo cha kusomea, nikaanza kuzurura. Na kadiri nilivyozurura nikaona ile tabia ya mto ya kuhama ndio tabia ya kila kitu pale. Miji mikuu inapotea kama simu kwenye daladala. Kabla ya Wamongoli kulikuwa na dola la Wakhazari, watu wa asili ya Kituruki ambao wakuu wao walichagua dini ya Kiyahudi, na mji wao mkuu Itil ulikuwa hapo hapo kwenye mlango wa Volga, unatoza ushuru kwa kila kinachopita mtoni. Miaka ya 960 na kitu mwanamfalme Svyatoslav akashuka kutoka Kiev akauvunja. Leo wanaakiolojia wanachimba kijiji kinaitwa Samosdelka, baadhi yao wanaamini ndipo Itil ilipokuwa, wengine wanasema hapana.

Sarai nayo, mji mkuu wa hao Wamongoli alioujenga Batu Khan mjukuu wa Genghis, ilikuwa karibu na kijiji cha Selitrennoye juu kidogo kwenye Akhtuba. Tulienda kwa basi dogo, joto, hamna kivuli. Unachokiona ni vilima vya udongo na vipande vya vigae vya bluu, ukiinama unaokota (usiokote ni kosa), baasi. Ila karibu na pale kuna Sarai nyingine ya kuigiza iliyojengwa kwa ajili ya sinema moja, ina kuta, ina milango, ina ngamia wa kupiga nao picha, watalii wote wako huko. Mji wa kweli uko peke yake na mijusi.

Na unajua matofali ya Sarai yalikwenda wapi? Timur, mbabe wa vita kutoka Asia ya Kati, alipiga Sarai na Haji Tarkhan yenyewe mwaka 1395, baadaye pakabaki ufalme mdogo wa Astrakhan, na mwaka 1556 mfalme wa Urusi Ivan wa Nne, huyo wanayemwita Ivan Mkali, akauchukua. Nilipiga hesabu, Wareno waliingia Kilwa 1505, yaani ndani ya miaka kama hamsini ile miji miwili iliyompokea Ibn Battuta yote ilikuwa imeshapata wenyewe wapya. Mwaka 1558 Warusi wakauhamisha mji mzima wakauleta kwenye kile Kilima cha Sungura, kilometa kama kumi na mbili kutoka ule wa zamani, na walipoanza kujenga ngome ya mawe miaka ya 1580 wakawa wanasomba matofali kutoka magofu ya Sarai kwa maji. Kwa hiyo ukiushika ukuta wa Kremlin unashika nyumba za watu wa Uzbek Khan. Mi niliushika, ulikuwa wa moto balaa.

Baada ya hapo kila mtu akautaka. Waturuki wa Istanbul walikuja 1569 wakiwa na wazo la kuchimba mfereji wa kuunganisha Don na Volga ili meli zao zipite, wakashindwa njiani, mfereji wenyewe ulikuja kufunguliwa 1952 na Wasovieti. Stenka Razin, kiongozi wa waasi, na Wakosaki wake, wapiganaji wa nyikani, wakauteka 1670, gavana wakamrusha kutoka juu ya ngome. Mfalme wa Urusi Peter Mkuu alitokea pale 1722 kwenda kupigana upande wa Uajemi. Lakini vita mi haviniingii sana, kilichonishika ni wafanyabiashara. Karne ya 17 na ya 18 kulikuwa na nyua maalum, yaani kama karavanserai, nyumba za kufikia wafanyabiashara na mizigo yao, ua wa Waarmenia, ua wa Waajemi, ua wa Wabukhara, na ua wa Wahindi. Wahindi kabisa, wametoka huko Multan na Punjab na hariri zao na pamba, wanakopesha pesa, wana hekalu lao, wengi hawakuja na wake hivyo wakaoa Watatari, na watoto wao wakawa kundi la watu linaitwa Waagrizhani. Ukikulia pwani huwezi kushangaa jambo kama hilo, ila wale wenzangu wa kutoka Siberia waliokuja kusoma walikuwa hawaamini. Mpaka leo mji una Msikiti Mweupe, Msikiti Mweusi, Msikiti Mwekundu, na wa Waajemi, na katika kila watu sita wa mkoa mmoja ni Mkazakh. Ijumaa nilikuwa naswali bega kwa bega na Mtatari, Mnogai, Mdagestani na Mmisri wa mwaka wa tatu.

Kuna kitu kimoja nilichelewa kukijua na kilinibadilisha kidogo ninavyouona ule mkoa. Tarehe ya kuundwa kwake rasmi ni 27 Desemba 1943. Nilikuwa najiuliza kwa nini tarehe hiyo, katikati ya vita. Rafiki yangu mmoja Mkalmyk ndiye alinijibu, na hakunijibu siku ile niliyouliza, alinijibu wiki mbili baadaye tukiwa tunasubiri basi. Siku hiyo hiyo ndio jamhuri ya Wakalmyk, majirani wa magharibi, Wabudha walioingia nyika hizi karne ya 17, ilifutwa. Stalin aliwatuhumu kushirikiana na Wajerumani, na siku mbili zilizofuata watu zaidi ya elfu tisini wakapakiwa kwenye mabehewa ya mizigo wakapelekwa Siberia, baridi ya mwisho wa mwaka, wengi sana wakafa, na sehemu kubwa ya ardhi yao ndio ikaingizwa kwenye mkoa mpya wa Astrakhan. Waliruhusiwa kurudi mwaka 1957, na mwaka 1958 wakarudishiwa jamhuri yao, ila vipande vya upande wa Volga havikurudi. Bibi yake huyo rafiki yangu alizaliwa huko Siberia. Basi likaja tukapanda, hatukuongea tena.

Mengine nayapitia haraka, kwamba Ilya Ulyanov baba yake Lenin ni mtu wa pale, kwamba kaskazini ya mkoa kuna Kapustin Yar ambako Wasovieti walirusha kombora lao la kwanza la balistiki Oktoba 1947, kwamba kuna ziwa la chumvi la Baskunchak unatembea juu yake kama sakafu. Na gesi, kuna kiwanda cha gesi nje ya mji, gesi yao ina salfa nyingi mno, upepo ukigeuka unanusa yai viza mpaka chumbani.

Tikiti maji lakini siwezi kupita haraka. Wanaliita arbuz. Mwezi wa nane lori zimejaa, bibi anakupigia tikiti kwa kidole kama daktari anavyogonga kifua, anasikiliza, anakuchagulia. Mchanga ule na jua lile na maji ya Volga vinatoa tikiti tamu ambalo sijala tena. Niliwahi kumwambia bibi mmoja kwamba asili ya tikiti ni Afrika akaniangalia kama nimemtukania ukoo.

Na samaki. Ule mji ulikuwa wa samaki kabla ya kuwa wa kitu kingine. Beluga, samaki wa kale hana magamba ya kawaida, anaishi miaka mpaka mia na anaweza kuzidi tani moja, mayai yake ndio ile kaviari nyeusi ya matajiri. Mgiriki mmoja Ivan Varvatsi, aliyekuwa mharamia baharini kabla hajatulia, alitajirika kwa kupeleka kaviari nje, mfereji unaokatiza mjini ni yeye aliyeugharamia. Sasa bwawa la umeme la Volgograd lililokamilika 1961 likawafungia samaki njia ya kupanda juu kutaga, alafu Usovieti ulipovunjika 1991 majangili wakamaliza waliobaki, miaka ya 2000 Urusi ikapiga marufuku kuwavua kibiashara. Kaviari ya siku hizi ni ya mabwawa ya kufugia. Mi nimeionja mara moja, harusi ya Mwaarmenia, kijiko kimoja, chumvi tu.

Bahari nayo inarudi nyuma. Toka katikati ya miaka ya 1990 Caspian imeshuka zaidi ya mita mbili, na kwa sehemu tambarare kama ile mita mbili ni kilometa nyingi za matope, mfereji wa meli wa kilometa 188 unaotoka mjini mpaka kwenye kina kirefu huko baharini wanauchimba kila mwaka na kila mwaka unajaa. Yule mzee wa kwenye barafu nilikuja kumkuta tena mara kadhaa, akaniambia baba yake alikuwa na kibanda cha kuvulia mahali ambapo sasa ng'ombe wanalishwa, na akanionyesha kwa mkono kule ambako yeye mwenyewe hafiki siku hizi kwa sababu boti inakwama.

Siku ya kuondoka alinipa vobla kumi na mbili zimefungwa kwenye gazeti. Vobla ni kisamaki kidogo cha Caspian, kinavuliwa mwezi wa nne kikipanda mtoni, kinatiwa chumvi kinaanikwa upeponi mpaka kiwe kikavu kama ubao, unakigonga gonga mezani ngozi iachie ndio unamenya. Nilivipitisha airport mbili naomba Mungu harufu isitoke. Kilwa nikampa mama, nikamwelekeza kugonga. Akaangalia, akanusa, akasema hii si ng'onda tu? Akavikatia nyanya na vitunguu akaviungia nazi, akala kimya, mwisho akaniambia wenzenu huko samaki wanajua kukausha, ila chumvi imezidi.